Mkia wa Kamba

Mtu aliyetufundisha kupanda ukuta, sisi wa mtaa wa Buyenzi, kwa miaka yote ile hatukumwona akiupanda mwenyewe. Alikaa juu ya tairi la kamiyo, lori la mizigo, glasi ya chai mkononi, mgongo kaupa ukuta, akisikiliza. Ndiyo, akisikiliza. Sisi tuko juu tunahangaika na roho zetu, yeye anatazama mlango wa barabarani kama mtu anayengoja mgeni.

"Mukia!" angesema bila kugeuka. Mukia ni mimi, nitaeleza. "Huo muguu wa kuume umeupiga teke ukuta. Ukuta imekukosea nini?"

Tulimwita Mwalimu, basi. Kwa kazi alikuwa fundi wa springi za magari makubwa, mwenye mikono mikavu na kofia ya kitambaa iliyokuwa nyeupe zamani. Ukikutana naye barabarani hakutazama uso wako kwanza. Alitazama miguu yako, jinsi unavyokanyaga, halafu ndipo alipopanda taratibu mpaka machoni na kukusalimia. Wanawake wageni walimdhania hana adabu. Mke wake alikuwa akisema, "Mi aliniposa kwa sababu ya visigino," na sikujua kama anatania.

Ukuta wenyewe ulikuwa ndani ya depo la zamani la pamba, nyuma ya magaraji. Depo lilikuwa la Haji mmoja wa ukoo wa Kiomani, mwenye maduka mjini, na vita vilipoanza hakuna pamba iliyoingia tena. Mwalimu alimwomba ukuta mmoja wa ndani, akaugongelea mbao kutoka sakafuni mpaka karibu na bati. Kwenye mbao akafunga vishikio kwa bolti: vipande vya mti mgumu, vyuma vya breki, meno ya giaboksi, raba za tairi zilizokatwa. Kimoja kilikuwa mpini wa mlango wa gari dogo, na sote tulikipenda hicho. Chini tulitandika tyubu za kamiyo na juu yake magunia yaliyoshindiliwa mabaki ya pamba. Kamba ilitoka kiunoni kwa anayepanda, ikaenda juu kwenye pete ya chuma, ikarudi chini kwa anayeishika. Na juu kabisa, pembeni mwa pete, kulikuwa na honi.

Honi ile ndiyo habari yenyewe. Ilitoka kwenye kamiyo ya rafiki yake, tuliyekuwa tukimwita Dereva. Hao wawili walikuwa vijana pamoja upande wa Kongo, wakiwabebea wazungu mizigo na kuwashikia kamba kwenye milima yenye barafu. Huko ndiko walikojifunza, na huko ndiko zilikotoka kamba. Baadaye mmoja akawa anaendesha kamiyo, mwingine anaitengeneza. Kamiyo ilipokufa walichukua honi yake, wakaifunga juu ya ukuta na kuiunganisha na betri, ili anayefika juu abonyeze na mtaa mzima ujue.

Halafu mtaa wa jirani ukachomwa. Dereva alikuwa Muhutu, anakaa mtaa huo huo. Asubuhi moja alipita Buyenzi na mke wake na godoro kichwani, wakaenda kwa miguu mpaka Gatumba, wakavuka mpaka kuingia Kongo. Wanasema Mwalimu aliwasindikiza hadi darajani. Mimi Dereva nilikuwa namjua kwa kicheko tu, kicheko kikubwa cha mtu aliyezoea kupaza sauti juu ya mngurumo wa injini.

Tangu siku ile Mwalimu hakugusa ukuta. Ukimuuliza, alijibu kifupi.

"Mi nafungwa kamba na yule tu. Siku mwenye honi atarudi, nitapanda."

Watu hawakosi la kusema. Wengine walisema ameshaogopa. Wengine, hasa waliokuwa wamekaripiwa siku hiyo, walisema hajui kupanda, ni maneno matupu. Wengi walisema Dereva ameshakufa zamani, kwani Kongo nayo iliwaka moto, na aliyevuka kule alikimbia tena. Mimi nilikuwa nataka kitu kimoja tu: yule mtu arudi, nimwone Mwalimu wangu juu ya ukuta. Nilikiombea kwenye sala, pamoja na mambo makubwa zaidi.

Sasa, nilifikaje pale mimi, mwanamke mwenye mwili wangu kamili, binti wa duka la piyesi, vipuri vya magari? Kwa kukaa bure. Wateja walikuwa hawaji. Baba alifungua mlango asubuhi, akafunga kabla ya kuvrefe, saa ya kutotoka nje, na katikati tulisikiliza milio ya bunduki huko juu kwenye kilima cha Kiriri na kukisia ni ya nini. Nilikuwa nimechoka kuogopa kitu nisichokiona. Nikasema afadhali niende nikaogope kitu ninachokiona. Nikavaa suruali ya kaka yangu chini ya gauni, nikajifunga kitambaa vizuri, nikavuka barabara.

Mwalimu alinitazama miguu. "Hivi viatu ni vya harusi," akasema. "Kalete raba. Zibane vidole kidogo. Zisiumize, zibane."

Siku ya kwanza nilipanda kwa mikono, kama kila mtu. Nilikumbatia chuma cha breki kama ndugu aliyepotea, nikavuta, nikavuta, na nikiwa bado karibu na sakafu mikono ikafa kabisa. Vidole havikufunguka wala havikufunga.

"We, nyoosha mukono! Unamukumbatia nani huko?" Aliongea na mlango wa barabarani, mgongo kwangu. "Mukono haiko ya kubeba mwili. Mukono inashika mulango tu. Miguu ndiyo inaingia."

Hilo ndilo lilikuwa somo lake lote, ukiondoa mapambo. Mikono inyooke, mwili ukae karibu na ukuta, usimame kwa ncha ya kidole gumba cha mguu wala si kwa katikati ya wayo, na utazame unapokanyaga mpaka mguu utulie. Kitu kimoja tu kihame kwa wakati, mguu au mkono. Ukichoka, tafuta mahali pazuri, nyoosha mikono, vuta pumzi. "Buhoro," alisema, yaani polepole kwa Kirundi, na aliivuta ile *o* ya katikati mpaka moyo wako wenyewe ukapunguza mwendo.

Kabla ya kugusa ukuta alikulazimisha usimame chini na kuusoma: mguu utaenda wapi, mkono utaenda wapi, utapumzikia wapi. Vijana wa garaji waliona ni kupoteza muda. Walikuwa na vifua, wakaruka, wakaning'inia, wakashuka wanatetemeka. Sisi wanawake tusio na vifua vya kuringia tulifika juu kabla yao, na yeye alifurahi mpaka chai ikamwagika. Alikuwa anapenda sana kuona wenye nguvu wakishindwa. Hilo nalo liandikwe, maana hakuwa malaika.

Kwa nini aligeuza mgongo? Alisema macho yanadanganywa na mbwembwe, sikio halidanganyiki. Mpandaji mzuri hana kelele miguuni. Kwa hiyo alikaa na chai yake, akasikia nani kakwaruza, nani kateleza, nani kakanyaga mara mbili kwa wasiwasi. Na sifa yake kubwa, ambayo watu walikaa wakiingojea kama zawadi ya Idi, ilikuwa maneno mawili: "Leo sikukusikia." Akikuambia hivyo unarudi nyumbani unaimba. Mimi hakuniambia. Miguu yangu ni mizito, sijui niifanyeje. Ningepanda vizuri kabisa, nibonyeze honi, nishuke kwa maringo, na yeye, "Umefika. Nimesikia safari nzima."

Nilichokuwa nacho ni uzito na utulivu, na akavipatia kazi. Kwake, mtu mpya anayejifunza kushika kamba hakuachwa peke yake hata kidogo. Mshikaji huyo aliizungusha kamba kiunoni, na nyuma yake alikaa mtu mwingine ameshika ile sehemu inayobaki, mkia. Mshikaji akiteleza, wa mkiani anabana. Kazi isiyo na sifa. Anayepanda hakuoni, mshikaji anakusahau, wewe unakaa kwenye tairi unatoa kamba na kurudisha. Nikawa mtu wa mkia, jina likanishika, hata baba yangu dukani akaanza kuniita hivyo.

Kuanguka ndiko kulikonitesa. Alitaka kila mtu aachie mikono kwa hiari yake, akae kwenye kamba, auone ukweli wake. Nilikataa. Nilifika juu, nikashika mpini ule wa mlango wa gari, nikalia machozi kabisa.

"Mwalimu, siwezi."

"Nani ameshika?"

Nikamtaja msichana aliyeshika.

"Na mukiani?"

Nikataja wa mkiani.

"Sasa unaogopa nini? Watu wawili wako wanakutaka uishi. Huko nje uko na wangapi?"

Nikaachia. Nilishuka kidogo, kamba ikanishika. Nilicheka kama mwendawazimu. Usiku ule milio ya Kiriri ilikuwepo na mimi nililala.

Alikuwa na sheria nyingine ambayo haikumpa marafiki. Hakuna kujifunga kamba mwenyewe. Fundo lako linafungwa na mwenzako, na mwenzako anachaguliwa na Mwalimu. Na yeye aliwachagua kwa makusudi wale ambao mitaa yao ilikuwa haisalimiani. Nakumbuka vijana wawili mafundi, mmoja akitoka mtaa wa Watutsi, mwingine wa Wahutu, wote wakifanya kazi garaji moja na kupeana spana bila kutazamana. Aliwapanga pamoja. Wakasema bora waondoke.

"Apana shida," Mwalimu akasema. "Kaeni mukunywe chai."

Wakakaa wakanywa chai. Kesho yake tena chai. Sisi tulipanda, wao walikunywa chai na maandazi ya bitumbura, wakitazama glasi. Walichoka na chai mpaka mmoja akainuka, akachukua kamba kwa hasira, akamfunga mwenzake kiunoni, akavuta fundo kwa nguvu kuhakikisha, akavuta tena. "Panda basi," akasema. Hawakuwa marafiki, tusidanganyane. Lakini walishikana kamba miaka mingi, na hakuna aliyemwangusha mwingine.

Kwenye kamba hakuwa na adabu hata tone. Haji, mwenye depo, alikuja siku moja kumtazama binti wa dada yake akipanda. Akafurahi, akataka kumshikia kamba yeye mwenyewe. Mzee wa watu, mwenye nyumba yake, mbele ya watu wote. Mwalimu akatazama mkono wa Haji.

"Mukono wako unatetemeka, Haji. Apana."

Tulitamani sakafu ituzike. Haji alikuwa na uwezo wa kutufukuza siku ile ile. Aliondoka bila kuaga, na kwa muda mrefu alipita pale garajini bila salamu. Nikamuuliza Mwalimu, kwa nini asimpe tu, halafu mimi nikae mkiani nibane?

Alinikasirikia kuliko siku zote. "Hapa ndani hakuna kumufurahisha mutu. Mukono ikiwa mubaya, unasema ni mubaya. Wa kudanganya wako nje huko, wamejaa."

Alikuwa na haki yake, na depo hatukunyang'anywa.

Wanajeshi nao walikuja. Mtu alikuwa amepeleka maneno kwamba Buyenzi kuna watu wanafundishwa kuruka kuta. Wakaingia na bunduki zao, mkubwa wao mbele, na sisi mmoja wetu alikuwa amening'inia juu kama nguo.

"Munajifunza kuruka ukuta wa nani?"

Mwalimu aliinuka, akatazama mabuti ya yule bwana kwanza, kama kawaida yake. "Komanda, huu ukuta iko ndani ya nyumba. Unapanda, unafika kwenye bati, unarudi chini. Hakuna mahali unaenda."

"Sasa faida yake nini?"

"Jaribu."

Hapo nilisema tumekwisha. Lakini yule komanda alikuwa bado kijana. Akampa mwenzake bunduki, akafungwa kamba, na Mwalimu akaniita mimi kushika. Mimi! Nikaizungusha kamba kiunoni. Komanda alipanda kwa mikono, kama kila mtu, akakwama katikati, mabuti yakikwaruza mbao, kelele tupu.

"Nyoosha mukono, Komanda. Buhoro. Tazama miguu."

Akanyoosha. Akapanda vishikio vichache zaidi, akaomba kushushwa, nikamshusha polepole kama sahani za kioo. Alifika chini anacheka, jasho limemlowesha. Alituruhusu tuendelee. Amri moja tu aliiacha: ile honi isisikike tena, watu watadhani ni ishara ya kitu.

Mwalimu alichomoa waya kwenye betri mbele yake. Tangu hapo waliofika juu walibonyeza honi bubu. Tulizoea. Tulikuwa tunabonyeza na kusema wenyewe "piii" kwa mdomo, chini kwa chini, na Mwalimu alisema waya utarudi siku mwenyewe akirudi.

Miaka ikapita hivyo. Nikaolewa, nikazaa, baba akaniachia duka. Nilipanda mara chache, lakini watu wapya wakija Mwalimu alinitumia ujumbe, nikaja kukaa mkiani. Yeye alianza kuzeeka. Chai aliishika kwa mikono yote miwili. Nilimwangalia anavyoinuka kwenye tairi na nikaona wazi kuwa tunachelewa: hata Dereva akirudi kesho, huyu atapanda kwa magoti yapi? Iliniuma, na sikuwa na wa kumwambia.

Kisha mapatano yakaanza kushika, na wakimbizi wakaanza kurudi kutoka makambini Tanzania. Asubuhi moja nikiwa napeleka bering'i garajini, nikasikia kicheko. Kile kile, kikubwa, cha juu ya injini. Nikasahau hata kudai bering'i zipokelewe.

Dereva alikuwa amesimama mlangoni pa depo, mwembamba, ndevu nyeupe, shati la msaada lenye maandishi kifuani. Mwalimu yuko kwenye tairi lake, glasi mkononi, amemtazama miguu.

"Umechelewa," Mwalimu akasema.

"Barabara ilikuwa mubaya."

Basi. Hawakukumbatiana. Mwalimu aliweka glasi chini, akaenda kwenye betri, akachomeka waya wa honi. Halafu akavua viatu, na kutoka chini ya meza ya zana akatoa raba zake, ngumu kama ngozi ya ngoma kwa kukaa. Alichukua muda kuzivaa. Nilitaka kumsaidia nikajizuia.

Dereva akamfunga fundo kiunoni. Hapo ndipo nilipouona mkono. Mkono wake wa kulia, mti uliuangukia akikata kuni kambini, hivyo alisema mwenyewe, kwa kupuuza. Vidole viwili havikukunjika tena na wote ulikuwa unatetemeka, kuliko wa Haji. Fundo alilimaliza kwa meno. Akachukua kamba, akaizungusha kiunoni, akatanua miguu kama zamani.

"We bado muzito?" akamuuliza rafiki yake.

Nilimtazama Mwalimu. Aliuona ule mkono, haiwezekani hakuuona, yule aliona hata kisigino kilicholika upande mmoja. Nilingoja aseme: apana, ndugu yangu, mukono ni mubaya. Sheria ni yake, na hakuivunja kwa tajiri wala kwa mwenye bunduki.

"Bado muzito," akasema. Akanitazama mimi mara moja, si usoni. Alitazama mkia wa kamba uliokuwa umelala sakafuni nyuma ya Dereva. Kisha akageukia ukuta.

Nilikaa kwenye tairi lake, nyuma ya mgongo wa Dereva, nikauchukua mkia nikaweka mapajani kama mtu aliyechoka tu na anayetafuta pa kukaa.

Akapanda. Jamani, akapanda! Mikono imenyooka, kiuno karibu na mbao, ncha za vidole. Alisimama mahali, akapumzika, akaendelea. Magoti yalimtesa, niliona, lakini miguu ile haikutoa sauti hata kidogo. Nilifumba macho makusudi nisikilize, nikasikia pumzi ya Dereva tu. Nililia pale nilipo, na sikujifuta kwa sababu mikono ilikuwa na kazi.

Honi ilipolia, mafundi walitoka chini ya magari barabara nzima. Ililia muda mrefu, akaiacha, akabonyeza tena. Dereva alipiga kelele za furaha. Halafu Mwalimu akaachia mikono akae kwenye kamba, na uzito wake wote ukashuka.

Vidole vya Dereva havikuweza. Kamba ilimkimbia kiunoni, na ikanifikia. Nilibana. Nilikaza miguu sakafuni, nikaushika uzito wa mzee wangu, nikamshusha buhoro, kidogo kidogo, huku Dereva naye akiendelea kuvuta na kulegeza mbele yangu, macho juu, hageuki. Mwalimu akatua kwenye magunia ya pamba.

"Umeona?" Dereva anahema, anacheka, anauonyesha ule mkono. "Umeona? Mukono bado iko!"

"Iko," Mwalimu akasema. "Ni ule ule."

Walifungua fundo pamoja, ilichukua muda. Dereva akatoka kwenda kuwasalimu mafundi waliokuwa wanamwita. Mimi nikauweka mkia sakafuni, nikajifuta uso na ncha ya kitambaa, nikakumbuka bering'i zangu. Mwalimu alinipita akienda kwenye chai yake iliyopoa. Alitazama miguu yangu, halafu akapanda taratibu mpaka machoni.

"Mukia," akasema. "Leo sikukusikia."